Hesabu za Uwanjani: Kuruka, Kugeuka na Kutembea Juu ya Mstari

Mazoezi haya yanawafaa watoto wa miaka mitano hadi minane. Tafuta chaki na futikamba, pamoja na uwanja usio na mawe. Kupinduka kichwa chini kusubiri godoro na mwalimu anayeujua mchezo. Hesabu za hapa hazihitaji sarakasi kubwa.

1. Chora mstari wa namba, 0 hadi 10. Nafasi kati ya namba na namba iwe mruko mmoja wa mtoto, si wako.

2. Mtoto asimame kwenye 0, aruke miguu pamoja, ataje namba anapotua. Hapa usiwe na haraka. Ukimwambia, "Uko kwenye 3, ruka mara mbili," huenda akasema "moja" akiwa bado amesimama palepale kwenye 3, akasema "mbili" akitua kwenye 4, akatulia. Ndiyo maana hata daftarini anaandika 3 + 2 = 4: amehesabu alipoanzia. Usimkosoe kwa maneno. Mwambie apige kofi kila miguu inapogusa chini. Asiporuka hakuna kofi, na pasipo na kofi hakuna kuhesabu.

3. Kutoa ni kuruka kinyumenyume, uso ukiwa bado unatazama 10. Akizoea, aende mbele tena kutoka 0, avuke namba moja kila anaporuka: 2, 4, 6. Jedwali la mbili hilo, na wala usilitaje jina.

4. Chora msalaba, asimame katikati. Ageuke robo, nusu, kisha mzunguko mzima, mikono ikiwa juu. Muulize ni robo ngapi zitamrudisha alipokuwa akitazama. Habari za nyuzi 90 ziache kwanza.

5. Chora mistari miwili yenye urefu wa mita 5, iachane sentimita 10. Hivyo ndivyo vipimo vya boriti ya wanawake kwenye Olimpiki, ila ile imeinuliwa sentimita 125. Kabla ya kutembea, kila mtoto akisie nyayo ngapi zitaijaza, kisigino kikigusa kidole, aandike. Kisha atembee, ahesabu, alinganishe. Mwenye mguu mdogo atapata namba kubwa kuliko kaka yake, na ubishi utazuka. Usiuamue. Wape futikamba waone wenyewe kwamba mstari haukurefuka.

6. Wakubwa kidogo wasimulie kisa cha mwanajimnastiki Nadia Comăneci: kwenye Olimpiki ya Montreal, 1976, alipata alama 10 kamili, lakini ubao ukaonyesha 1.00 kwa kuwa haukuwa na nafasi ya tarakimu ya nne. Waulize ilikosekana ipi.