Flashi Ina Nafasi, Mbona Faili Linakataa?

Msimu wa utafiti ukifika, swali moja hunifuata bloku nzima: "Kaka, flashi yangu ya GB 16 ni tupu kabisa, mbona faili la GB 6 linagoma kuingia?" Wengi hudhani wameuziwa feki, wanakwenda kununua nyingine, nayo inagoma vilevile.

Flashi haina kosa. Nyingi za GB 32 kushuka chini huja zikiwa na mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalofikia GB 4, hata nafasi ikiwa tele. Unaweza kuifomati kwa exFAT, lakini kufomati kunafuta kila kilichomo, na kompyuta kongwe ya steshenari huenda isiisome.

Njia nyepesi ni kugawa. Tuseme una rekodi za mahojiano na picha za uwandani, jumla GB 6. Kuzibana tu hakutakuokoa, maana MP3 na JPEG zimeshabanwa tangu mwanzo. Zipu itapungua kidogo sana. Kwenye Windows weka 7-Zip, programu ya bure. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua "Add to archive", kisha kwenye kisanduku cha "Split to volumes" andika 500m. Utapata utafiti.7z.001, utafiti.7z.002, na kuendelea mpaka kama 013. Ukitaka kwa ajili ya flashi tu, humo humo kuna chaguo la 4092M lililowekwa maalumu kwa FAT.

Anayetumia Linux anaandika hivi kwenye terminali:

split -b 500M utafiti.zip utafiti.zip.

Na kuunganisha tena:

cat utafiti.zip.a* > utafiti.zip

Faida nyingine ni bando. Ukipandisha GB 6 kwa mkupuo na mtandao ukakatika ukiwa umefika GB 5, mara nyingi unaanza upya. Ukiwa na vipande, umepoteza kimoja tu. Leo unatuma vitano kwa bando la usiku, kesho vinavyobaki. Kwa barua pepe, Gmail mwisho wake ni MB 25, na kiambatisho huvimba kwa karibu theluthi moja kikiwa njiani. Kata vipande vya MB 15, tuma kila kimoja kwa barua yake.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapolia. Kipande kimoja peke yake si nakala ya chochote. Vipande kumi na viwili kati ya kumi na tatu havikupi mahojiano kumi na mawili. Kifurushi hakifunguki inavyotakiwa. Kwa hiyo:

1. Usibadilishe majina ya vipande. Namba za mwisho ndizo zinazoonyesha mpangilio.

2. Anayepokea aviweke vyote kwenye folda moja, kisha afungue 001 tu. Programu itavifuata vingine yenyewe.

3. Kabla ya kufuta faili la asili, nakili vipande kwenye kompyuta nyingine, bofya 001 kwa kitufe cha kulia, nenda 7-Zip, kisha "Test archive". Ikisema hakuna makosa, hapo ndipo upumue.

4. Ukiweka nywila, iandike mahali. Ukiisahau, hata msimamizi wako hawezi kukusaidia.

Mtu aliyekupa saa nzima ya mahojiano kijijini hatakupa tena kirahisi, na nauli ya kurudi huko hakuna atakayekulipia. Ile hatua ya tatu inachukua dakika chache. Ifanye leo, kabla ya kukabidhi laptopu kwa fundi au kufunga mizigo ya likizo.