Kitabu na Sinema ya "Vuta N'kuvute"

Vijana wetu wa Igawa wanaosoma kidato cha 5 na cha 6 hutuuliza, wakirudi likizo, kama yafaa kutazama sinema ya "Vuta N'kuvute" badala ya kusoma kitabu. Kitabu ni kinene, nao wana haraka. Twaona vema kuwajibu hapa, maana wazazi nao wauliza.

Riwaya hiyo iliandikwa na Bwana Adam Shafi wa Unguja, ikapigwa chapa mwaka 1999. Sinema ilitengenezwa na Bwana Amil Shivji, ikaonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2021 huko Toronto, nchi ya Kanada. Vyote viwili vyasimulia Unguja ilipokuwa chini ya Waingereza: Yasmin, binti wa Kihindi, na Denge, kijana apiganiaye uhuru.

Lakini angalieni mwanzo. Katika kitabu Yasmin amekwisha kuozwa kwa Raza, mtu mzima sana, nasi twaonja uchovu wa nyumba ile pamoja naye. Anatoroka, jamaa zake wanamkataa, anapokewa na Mwajuma huko Ng'ambo, mwanamke maskini mwenye moyo mkunjufu. Denge hajamjua bado. Katika sinema Denge anakutana naye usiku, angali njiani kupelekwa kuozwa. Je, ni jambo dogo? Sisi hatudhani hivyo. Msomaji wa kitabu ajua ya kuwa Yasmin alivunja kifungo chake mwenyewe, bila kuitwa na mwanamume ye yote. Mtazamaji aweza kudhani kwamba ni mapenzi yaliyomtoa.

Hatumlaumu mtengenezaji. Yeye ana muda wa saa 1 na nusu hivi, na kitabu kina mambo ya miaka. Hapana budi akunje. Tena anayo sauti, ambayo mwandishi hana. Mwajuma wa kitabu huimba, nasi twasoma tu ya kuwa ameimba. Mwajuma wa sinema ni Siti Amina, mwimbaji wa Unguja kweli kweli, na afunguapo kinywa hakuna ukurasa uwezao kushindana naye.

Basi kijana asome kitabu kwanza, kisha atazame, akiandika kila mahali sinema ilipoacha njia. Mmoja alifanya kinyume, akaandika katika jaribio la shule ya kuwa Yasmin alikutana na Denge alipokuwa akipelekwa kuozwa. Akapewa sifuri, naye akashangaa sana, maana aliyaona kwa macho yake.