SUBARU KUUKUU NA BREKI ZA KISASA

Hapa Nyeri Subaru ikinguruma barabarani kila mwanafunzi hugeuza shingo. Sifa hiyo haikuja bure. Mwaka wa 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza, na Mkenya mwenzetu Patrick Njiru alikuwa amekwisha jipatia jina kwenye usukani wa Subaru. Basi kijana akipata pesa kidogo, huota Impreza.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Kwa hivyo Impreza za kwanza, zilizoundwa kuanzia 1992 hadi 2000, ni hizi tulizo nazo tu. Anayetaka yake iwe bora huitia vipuri vya toleo lililofuata, ambavyo huuzwa Kirinyaga Road, Nairobi, vikiwa vimefunguliwa kutoka magari ya Japani. Mjomba wangu ni makanika, nami humsaidia kila Jumamosi. Nimeona wengi wakianza na injini. Mimi nasema tuanze na breki, na fizikia ya kidato cha tatu inaniunga mkono.

Tuseme gari lina kilo 1,250. Likienda kilomita 50 kwa saa, nishati yake ni kama kilojuli 120. Likienda kilomita 100, nishati haiwi mara mbili bali mara nne, yaani karibu kilojuli 480. Kusimamisha gari ni kuigeuza nishati hiyo yote kuwa joto. Sasa tuteremke mlima: kila mita 100 za kwenda chini wima huongeza kilojuli 1,250! Hiyo ni zaidi ya kusimama ghafla mara mbili kutoka kasi ya 100. Ndiyo maana nchi yetu ya mabonde hula breki.

Mwaka jana binamu yangu aliteremkia Mto Gura, njia ya Othaya, mguu ukiwa kwenye breki muda wote. Karibu na daraja pedali ikazama kama anayekanyaga sifongo. Alirudisha gia ya chini, akavuta hendibreki polepole, Mungu akasaidia gari likasimama. Mjomba alipochunguza, akapata oili ya breki ilikuwa imezeeka na kunyonya maji. Oili mpya ya DOT 3 haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205. Ikishanyonya unyevu, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Ikichemka hutoa mvuke. Kimiminika hakibanwi, lakini mvuke hubanwa, kwa hivyo nguvu ya mguu haifiki kwenye gurudumu.

Binamu alitaka breki kubwa siku hiyo hiyo. Mjomba akamwambia, "Kijana, pima kwanza, nunua baadaye." Diski ya mbele ya WRX ya zamani ina upana wa milimita 277 hivi, ya WRX iliyofuata ni 294, na ya STI yenye kalipa za Brembo ni 326. Kwa kanuni ya momenti, diski pana hupata nguvu zaidi ya kuzuia gurudumu, tena hubeba joto zaidi. Lakini kuna masharti matatu.

Kwanza, rimu. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Ukitoa 326, kila upande hubaki milimita 27.5, na hapo kalipa haiwezi kuenea. Brembo hizo zinataka rimu ya inchi 17.

Pili, bolti. Impreza hizi zina bolti 5 kwenye duara la milimita 100. STI ya 2005 ilihamia 114.3, kwa hivyo habu yake haikubali rimu zako.

Tatu, uwiano. Ukizidisha breki za nyuma, magurudumu ya nyuma hukwama mapema na gari huzunguka kama pia. Nazo kalipa zenye pistoni kubwa hutaka oili nyingi zaidi, hivyo huenda ukahitaji masta silinda kubwa.

Shokabu nazo ni vivyo hivyo. Pima urefu, matundu ya bolti mbili za chini na kikombe cha juu kabla ya kulipa. Kazi ya shokabu ni kutuliza springi ili tairi lisiruke, maana tairi lililo hewani halisimamishi gari hata kwa Brembo. Wengine hukata springi ili gari liinamie chini. Springi fupi huwa ngumu zaidi na nafasi ya kubonyea hupungua. Ukifika kwenye matuta ya barabarani utajuta.

Kwa hivyo utaratibu wangu ni huu: oili na mipira ya breki, kisha padi na diski, kisha shokabu na tairi. Jaribu gari polepole mahali patupu. Injini ije mwisho. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na kwetu ukingo ni bonde.

ZOEZI: Kokotoa nishati ya gari letu likienda kilomita 80 kwa saa. (Jibu: karibu kilojuli 309.)