Somo: Tuchague njia gani ya kutumia wanamemba habari?

Ndugu wakulima, habari ya bei ya kahawa ikichelewa, mnunuzi anaitangulia, naye anapanga bei yake. Tulinganishe njia tatu:

1. Barua pepe: inafaa ripoti ndefu, kwa komite na wanunuzi wa mbali.
2. WhatsApp: orodha moja ya matangazo mwisho wake watu 256. Tena, asiyeandika namba ya koperative ndani ya simu yake, tangazo halimufikii.
3. SMS: inaingia hata kwa simu ndogo, bila mega. Mwisho herufi 160, nafasi pia zinahesabiwa. Ukizidisha, unalipa SMS mbili.

Mbele ya kulipia programu yoyote, tuhesabu kwanza simu za wanamemba. Kama simu ndogo ndizo nyingi, tuchague SMS: bei, pahali, siku. Asiye na simu, tumupe jirani wa kumusomea.