SOMO LA MWEZI: MASHUDU YA KANOLA NA MAZIWA YETU



Somo la mwezi huu linahusu kitu ambacho wengi wetu hununua bila kukijua, yaani mashudu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipopata ng'ombe wangu wa kwanza wa gredi hapa Kiptere, nilinunua gunia la mashudu kwa sababu lilikuwa rahisi kuliko mengine. Sikuuliza ni ya mbegu gani. Nilimlisha ng'ombe wiki tatu, na maziwa hayakuongezeka hata nusu lita. Nilipoyamwaga yaliyobaki juani niliona kwamba mengi yalikuwa maganda ya alizeti. Nilikuwa nimenunua kuni kwa bei ya chakula, na pesa zile zilikuwa za karo ya mtoto.

1. Mbegu moja, bidhaa mbili

Kanola ni mmea wa jamii ya kabichi na sukuma wiki. Maua yake ni ya manjano, na mbegu zake ni ndogo kama za sukuma wiki. Katika kilo 100 za mbegu, mafuta ni kilo 40 hivi. Kiwandani mbegu husafishwa, hupondwa, hupashwa moto, kisha hukamuliwa. Viwanda vikubwa huosha mabaki kwa dawa inayoyeyusha mafuta, halafu huifukuza dawa hiyo kwa mvuke. Mashine ndogo hukamua tu, kwa hiyo mafuta kiasi hubaki ndani ya mashudu.

Mafuta huenda jikoni. Mashudu yanayobaki si takataka. Mashudu ya kanola yaliyokamuliwa vizuri yana protini, yaani chakula cha kujenga mwili, kiasi cha 36 kwa mia. Mahindi yana 9 kwa mia tu. Ndiyo sababu mwenye kiwanda huhesabu mapato mawili, ya mafuta na ya mashudu, na moja likianguka huegemea lingine.

2. Zamani mashudu haya yaliogopwa

Mbegu za zamani za mmea huu zilikuwa na kasoro mbili. Mafuta yake yalikuwa na asidi iliyodhaniwa kudhuru moyo, na mashudu yake yalikuwa machungu, tena yaliweza kuwatia wanyama uvimbe wa shingo. Wataalamu wa Canada walichagua mbegu kwa miaka mingi, na mwaka 1974 Baldur Stefansson wa Chuo Kikuu cha Manitoba alitoa aina iliyopungukiwa na kasoro zote mbili. Mwaka 1978 aina hizo zilipewa jina la kanola. Siku hizi mashudu ya Canada hulisha ng'ombe wa maziwa Marekani. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliruhusu hata protini iliyosafishwa ya mbegu hii kutiwa katika chakula cha watu.

Jambo hili latuhusu. Viwanda vya chakula cha watu vikianza kushindania protini ya mimea, ng'ombe wetu nao wamo katika soko hilohilo.

3. Hesabu ya ng'ombe

Lita 10 za maziwa zina protini gramu 330 hivi. Ng'ombe haziumbi kutoka hewani. Matete yaliyokomaa yana protini kidogo. Kilo moja ya mashudu ya kanola ina gramu 360. Si zote zitakazogeuka maziwa, kwa kuwa ng'ombe naye ana mwili wa kutunza, lakini sasa waona upungufu hujazwa na nini.

Basi usinunue gunia, nunua protini. Tuseme gunia la kwanza la kilo 50 ni shilingi 1,500, na protini yake ni 18 kwa mia. Hizo ni kilo 9, na kila kilo ya protini imekugharimu shilingi 167. Gunia la pili la kilo 50 ni shilingi 2,500, na protini yake ni 36 kwa mia. Hizo ni kilo 18, kila moja shilingi 139. Gunia lililoonekana ghali ndilo rahisi.

4. Je, tupande kanola?

Kanola hupenda baridi na mashamba mapana. Huko Timau, chini ya Mlima Kenya, wakulima wa ngano huipanda kwa kupokezana na ngano na shayiri ili kupumzisha udongo na kupunguza magonjwa, na mbegu hukamuliwa hukohuko. Maganda yake yakikauka hupasuka upesi na kumwaga mbegu, kwa hiyo huvunwa kwa mashine. Sisi wa Kiptere tuko chini kuliko Kericho mjini, na mashamba yetu ya skimu ni ya ekari chache. Using'oe chai kwa ajili ya kanola. Anayetaka mbegu ya mafuta ajaribu alizeti kwanza, kisha amwone Bwana Shamba.

Lililo jepesi kwetu ni kununua kwa pamoja. Chama cha maziwa kikiagiza mzigo mmoja kutoka kiwandani, kinaweza kudai karatasi ya kipimo cha protini. Mtu mmoja mwenye gunia moja ni vigumu kusikilizwa.

5. Mambo ya kushika

(a) Uliza mashudu ni ya mbegu gani, na protini ni ngapi kwa mia.
(b) Yakinuka uvundo au yakiwa na ukungu, yakatae. Sumu ya ukungu hupita katika maziwa mpaka kwenye kibuyu cha mursik cha watoto wako.
(c) Anza na nusu kilo kwa siku, uongeze polepole kwa muda wa wiki moja.
(d) Yaweke juu ya mbao, mbali na sakafu yenye unyevu.
(e) Andika maziwa ya kila siku. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali

1. Kwa nini kiwanda cha kanola huhesabu mapato mawili?
2. Gunia la kilo 70 lenye protini 30 kwa mia lina kilo ngapi za protini?
3. Gunia hilo likiuzwa shilingi 2,940, kila kilo ya protini ni shilingi ngapi?

Ukipata 21 na 140, umeelewa somo. Msomee na jirani asiyejua kusoma, kwani naye ana ng'ombe.