Kabla ya Kutolewa Mtoto wa Jicho, Konea Ichunguzwe

Kwa wakazi wa Kasulu na Kibondo, hasa wazee na wanaowauguza

Mtoto wa jicho hutibiwaje?
Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi iliyo ndani ya jicho. Hakuna matone wala mitishamba inayomwondoa. Daktari hutia jicho ganzi, huitoa lenzi hiyo na kuweka ya bandia. Wengi huona vizuri tena. Wachache, baada ya upasuaji, huvimba konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, wakaendelea kuona ukungu. Mara nyingi hatari hiyo inaweza kutambuliwa mapema.

Kwa nini konea huvimba?
Unene wa konea ni kama nusu milimita. Upande wake wa ndani una safu moja ya seli zinazoondoa maji ili ibaki angavu. Mtu mzima huwa na seli 2,500 hivi katika kila milimita ya mraba. Zikifa, hazioti nyingine. Kila upasuaji wa ndani ya jicho huua baadhi. Zikishuka hadi karibu 500, konea hujaa maji, hupauka na huweza kuuma.

Picha ya konea inaonesha nini?
Kamera maalumu hupiga picha seli hizo, zikahesabiwa na kuangaliwa umbo. Kipimo kingine huchora ramani ya unene wa konea, na huweza kufichua uvimbe ambao macho ya daktari hayajauona. Pasipo na mashine hizi, darubini yenye taa ya kuchunguzia jicho huonesha dalili nyingi.

Konea ikionekana dhaifu, bado upasuaji unaweza kufanyika. Daktari huikinga kwa ute maalumu, hutoa rufaa kwa bingwa, au humweleza mgonjwa mapema kwamba huenda baadaye akahitaji kupandikizwa konea.

Mweleze daktari ikiwa:
- jicho liliwahi kuumia, kwa mfano kwa kuchomwa na bua la mahindi au kurukiwa na ganda wakati wa kupura maharage;
- liliwahi kupasuliwa, au lina presha ya jicho;
- una kisukari;
- unaona ukungu zaidi asubuhi, kisha unapungua mchana;
- kuna ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa konea;
- uliwahi kutia dawa za kienyeji jichoni.

Usingoje akomae
Wazee wengi huambiwa wasubiri mtoto wa jicho akomae. Kungoja huko kuna madhara. Lenzi huzidi kuwa ngumu, kuitoa huhitaji nguvu zaidi, na seli nyingi zaidi za konea hufa. Nenda mara tu uoni hafifu unapokuzuia kulima, kusoma au kutembea peke yako.

Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu. Ukipewa rufaa kwenda hospitali ya Maweni mjini Kigoma au ya Bugando jijini Mwanza, beba barua ya rufaa na dawa zote unazotumia. Mwenye miaka 60 au zaidi asiye na uwezo aulizie msamaha wa malipo.

Baada ya upasuaji
Tia matone kwa muda wote ulioagizwa, na usilisugue jicho. Ukungu kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Maumivu yakizidi, jicho likiwa jekundu zaidi, likitoa usaha au uoni ukishuka, rudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama tarehe ya kliniki haijafika.