Barafu ya Aktiki na Mvua ya California

Chukua ramani ya dunia. Jimbo la California liko magharibi mwa Marekani, mbali sana na barafu inayoelea juu ya Bahari ya Aktiki kule Ncha ya Kaskazini. Je, barafu hiyo ikiyeyuka, mkulima wa California atapata hasara gani? Wengi watajibu: hakuna. Lakini ngoja kwanza.

Barafu yenye theluji ni nyeupe, nayo huurudisha angani zaidi ya nusu ya mwanga wa jua. Maji ya bahari hurudisha kama asilimia 6 tu. Joto linalobaki huyameza. Basi mnamo Septemba 2012 barafu hiyo ilipungua ikabaki kilomita za mraba kama milioni 3.4, ilhali zamani ilizoea kubaki zaidi ya milioni 6.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Mtu angedhani joto hilo linateremka moja kwa moja hadi California. La, linazunguka! Mwaka 2017 Ivana Cvijanovic na wenzake waliiga kwa kompyuta dunia yenye barafu kidogo. Waliona kwamba joto la Aktiki huvuruga kwanza mawingu ya mvua ya Pasifiki, huku chini karibu na Ikweta. Mvurugo huo nao hupeleka mawimbi ya hewa kaskazini tena, na hewa yenye mgandamizo mkubwa hurundikana Pasifiki ya Kaskazini kama mlima. Dhoruba zinazokuja hukuta njia imezibwa, zikapinda kwenda Alaska na Canada. Kwa hesabu yao, mvua ya California yaweza kupungua kwa asilimia 10 hadi 15, ukichukua wastani wa miaka 20.

Si jambo dogo. California hupata mvua yake nyingi wakati wa baridi, na lozi nyingi zinazoliwa duniani hutoka huko. Mlima wa hewa kama huo ulionekana katika ukame wa 2012 hadi 2016, ingawa watafiti hao hawakusema ati barafu ndiyo iliyouleta. Wako pia wanaobisha kwamba joto la Pasifiki yenyewe, kama El Niño tunayoijua sote, lina nguvu zaidi. Tena wastani ni wastani tu: Februari mwaka uo huo wa 2017, bwawa la Oroville huko California lilifurika, watu zaidi ya 180,000 wakahamishwa.